Ukurasa wa Afya: Kikohozi Kisichoisha, Tubishe Mlango Gani?



Mchimbaji anapatwa na kikohozi. Ananunua vidonge sokoni, kisha vingine, kisha vingine tena. Mwezi wa tatu anatema damu, franga zimekwisha, na watoto anaolala nao chumba kimoja wameanza kukohoa. Mara nyingi shida ni moja: hakujua mlango wa kwanza wa kubisha.

Wizara ya Afya iko Kinshasa, lakini kazi yake inashuka kama ngazi mpaka milimani kwetu. Chini ya Wizara kuna Divisheni ya Afya ya mkoa, na chini yake zoni za afya. Katika miaka ya 1980 nchi nzima ilikuwa na zoni 306. Leo zimepita 500. Teritwari ya Masisi ina nne: Masisi, Kirotshe, Mweso na Katoyi. Walikale pia ina nne: Walikale, Kibua, Itebero na Pinga.

Kila zoni ina daktari mkuu, hospitali kubwa ya rufaa na vituo vya afya. Kituo ndicho kipandio cha kwanza. Hapo muuguzi anapima na kutibu. Likimshinda, anakuandikia karatasi ya kukutuma hospitali. Ukifika nayo, daktari anajua umeshapewa dawa gani. Usipokuwa nayo, unaanza upya.

Tushike mambo haya:

1. Vumbi la mawe linaharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika yanashikwa upesi na kifua kikuu. Tulowanishe mwamba kwa maji kabla ya kuupasua.

2. Ukikohoa majuma 2 au zaidi, nenda kituoni upimwe makohozi. Usingoje damu.

3. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Kwa kawaida zinanywewa miezi 6. Usiziache kwa kuwa umepata nguvu: ugonjwa utarudi, na dawa zile zile huenda zisiuweze tena.

4. Mgonjwa akionekana na kifua kikuu, watoto na wote wa nyumba yake wapimwe pia.

5. Aliyeumia shimoni asipelekwe kwanza nyumbani. Kidonda kinachotoka damu kikandamizwe kwa kitambaa safi, naye abebwe mbio mpaka kituo cha karibu.

6. Vita vikikukimbiza, usisahau karte yako ya dawa. Ionyeshe kwenye kituo cha afya cha huko unakofika, ili uendelee pale ulipofikia.

Mama wa nyumba, wewe ndiwe unayesikia kikohozi usiku. Hesabu siku. Zikifika 14, mtoe mzee kitandani, mwende pamoja kituoni. Kifua kikuu kinapona kikitibiwa mapema.