Mwindaji wa Panya Hulelewa na Mama Yake

Mahindi yakishavunwa na kuingizwa ndani, panya nao huhamia nyumbani. Ndipo maombi ya paka yanapoanza katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Jirani anamwomba jirani, shemeji wa Nyakanazi anapigiwa simu, mtoto anatumwa Rulenge na kikapu. Paka wenyewe wanaotolewa mara nyingi wana wiki 4 au 5 tu. Wameonekana wakilamba mchuzi sahanini, mwenye nyumba akaona wameshaweza kula, akawagawa. Siku chache baadaye aliyepewa analalamika kwamba paka wake ameharisha na kufa. Mwingine paka wake yu mzima, ila panya wanapita mbele yake naye anawatazama.

Malalamiko hayo mawili yana chanzo kimoja: paka aliachishwa ziwa kabla ya wakati.

Mtoto wa paka huzaliwa na gramu 100 hivi, kipofu, hawezi hata kujitunzia joto. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Meno ya mbele huanza kuchomoza wiki ya 3, yakifuatwa na chonge zilizochongoka kama sindano, na hapo mama huanza kuumia. Mtazame paka wako katika wiki ya 4. Badala ya kuwafuata watoto kwenye boksi kama alivyokuwa akifanya, anawakimbia. Anapanda juu ya magunia, au analalia tumbo ili chuchu zisifikiwe. Wakimfikia anawaachia wanyonye kidogo, kisha anasimama na kuondoka. Hajawatupa. Ameanza kuwaachisha mwenyewe, polepole, na kazi hiyo huimaliza watoto wakiwa na wiki 8 au zaidi. Sisi wafugaji kazi yetu ni kumsaidia, na msaada wenyewe ni chakula, chake na cha watoto.

Wengi wetu hukimbilia maziwa ya ng'ombe. Huku ni nchi ya ng'ombe na maziwa yapo, lakini maziwa hayo hayafanani na ya paka. Ya paka yana protini nyingi zaidi, na ya ng'ombe yana sukari ya maziwa, yaani laktosi, kwa kiwango ambacho tumbo la mtoto wa paka hushindwa kukimeng'enya. Tena uwezo wake wa kuimeng'enya hupungua kadiri anavyokaribia kuacha kunyonya. Laktosi isiyomeng'enywa hubaki utumboni, huvuta maji, na mtoto anaharisha. Mnyama wa gramu 400 akiharisha siku moja mfululizo, maji yanayomtoka yanatosha kumuua. Kumwongezea maji kwenye maziwa hakusaidii, kwa sababu unapunguza lishe huku laktosi ikiendelea kumsumbua. Mama yupo na ananyonyesha, basi maziwa ni kazi yake. Wewe weka maji safi kwenye kisahani kifupi.

Chakula cha kuanzia unacho jikoni. Dagaa wa Ziwa Victoria hufika hadi magulio ya Ngara, na ni chakula kizuri kwa paka kikitayarishwa vyema. Waloweke, waoshe mara kadhaa mpaka mchanga uishe, uwachemshe bila chumvi wala kitunguu, kisha uwatwange kwenye kinu na kuwalainisha kwa maji yale yale waliyochemkia mpaka uwe uji mzito. Kitunguu nakitaja makusudi. Kiwe kibichi au kimeiva, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, kwa hiyo mchuzi uliobaki mezani haumfai. Chovya kidole kwenye uji, umpake mtoto kidogo mdomoni, usubiri ajilambe. Mara ya kwanza atapiga chafya, atakanyaga sahani na kujichafua hadi masikioni. Mwache. Mama atamlamba, na katika kumlamba huko na kujilamba mwenyewe ladha inaingia. Mpe kidogo kidogo mara 4 kwa siku, kwa kuwa tumbo lake ni dogo, na uondoe mabaki kabla nzi hawajayavamia. Kufikia wiki ya 6 punguza maji uongeze vipande vidogo vya nyama. Kufikia ya 8 anatafuna mwenyewe.

Usimpe dagaa peke yao. Nenda machinjioni ukaombe moyo, bandama au mapafu. Ini pia ni zuri, ila liwe kidogo na si la kila siku, maana vitamini A ikizidi hudhuru mifupa. Moyo una sifa ya pekee, ya wingi wa taurini. Wanyama wengi hujitengenezea taurini mwilini, paka hawezi kujitengenezea ya kutosha, ni lazima aile, na aipate kwenye nyama na samaki. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka akiikosa macho yake huharibika hata akapofuka. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaonyesha kwamba ukosefu huo huo hudhoofisha moyo. Taurini huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia, ndiyo maana nasema maji hayo yasimwagwe.

Ugali na ndizi havina taurini. Najua nyumba nyingi ambako paka hula ugali na akashiba, na nimesikia ikisemwa kwa fahari kwamba paka wa Kagera hula hata ndizi. Jambo hilo halishangazi. Mwaka 1978 Wanda Wyrwicka, mtafiti wa Los Angeles, alichapisha kazi yake kuhusu paka majike waliozoeshwa kula ndizi badala ya nyama. Watoto wao waliokuwa katika umri wa kuachishwa walipowekwa pamoja na mama mbele ya vyakula vyote viwili, wengi walimfuata mama na kula ndizi. Mtoto wa paka haamini pua yake kwanza, humwamini mama. Jike unayemlisha ugali mtupu leo anawafunza watoto wote wa uzao ule kwamba ugali ndicho chakula.

Kwa njia hiyo hiyo mama hufunza uwindaji, na hapa ndipo mkulima anapopata hasara asiyoiona. Kuanzia wiki ya 4 hivi mama huwaletea watoto panya aliyekufa na kumla mbele yao. Baadaye huwaachia wamle wenyewe. Mwishowe huwaletea panya aliye hai, anamwachia katikati yao na kukaa pembeni, tayari kumdaka akitoroka. Mwaka 1930 mtaalamu wa China, Zing-Yang Kuo, alichapisha majaribio aliyoyafanya juu ya jambo hili. Kati ya watoto 21 waliokua wakiona mama akiua panya, 18 waliua panya kabla ya kutimiza miezi 4. Kati ya 20 waliolelewa peke yao, waliofanya hivyo ni 9 tu. Mtoto uliyemchukua wiki ya 5 ameondoka darasani siku za mwanzo kabisa za masomo. Wapo watakaojifunza wenyewe, lakini wewe uliyemtaka kwa ajili ya ghala umekata nusu ya bahati yako.

Tabia nazo huharibika. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki wa mwaka 2017, uliohusu paka zaidi ya 5,000, ulikuta kwamba walioachishwa kabla ya wiki 8 walikuwa wakali zaidi. Paka mkali ndani ya nyumba yenye watoto wadogo ni tatizo.

Mama asisahauliwe. Anayenyonyesha watoto 4 anahitaji chakula zaidi ya mara mbili ya kawaida yake, na anaweza kushika mimba nyingine hata kabla hawa hawajaacha ziwa. Maziwa yake pia hupitisha minyoo, kwa hiyo mama na watoto wapewe dawa pamoja, watoto kuanzia wiki ya 3 na kurudia kila baada ya wiki 2 hadi waachishwe, kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumike kuwaua viroboto wao, nyingi huua paka. Na palipo na paka, sumu ya panya iondolewe, kwa sababu paka humla panya aliyeila.

Ukiombwa paka, pokea ombi, lakini mwambie jirani aje watoto wakitimiza wiki 12. Umri huo ndio wa chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao paka naye huupata na kuuambukiza kwa kung'ata. Anayekuja kumchukua ampitishe kwa ofisa mifugo wa kata kabla hajamfikisha kwake.