Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua

Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ni hali ya hatari ambayo mwanamke hupoteza damu kupita kiasi mara baada ya kuzaa. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni kupoteza mililita 500 au zaidi ndani ya saa 24 tangu mtoto azaliwe. Damu ikifikia lita 1, hali hiyo huitwa kali. Inaweza pia kutokea baada ya saa 24 za mwanzo hadi wiki 12, mara nyingi kwa sababu ya maambukizi au mabaki ya kondo la nyuma.

Hali hii ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya uzazi duniani. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kila mwaka wanawake milioni 14 hivi walipatwa nayo, na takriban 70,000 kati yao walikufa, wengi wao wakiwa katika Afrika kusini kwa Sahara na Asia ya Kusini. Karibu vifo vyote hivyo vinaweza kuzuilika. Dawa zinazohitajika zinajulikana na nyingi si ghali, lakini mara nyingi hutolewa baada ya mama kuwa amekwisha kupoteza damu nyingi mno.

Jinsi mwili unavyozuia damu

Mwishoni mwa ujauzito, zaidi ya nusu lita ya damu hupita katika mfuko wa uzazi kila dakika ili kumlisha mtoto kupitia kondo la nyuma. Kondo linapobanduka baada ya kuzaa, mishipa iliyokuwa ikilipelekea damu hubaki wazi. Kinachoifunga ni misuli ya mfuko wa uzazi yenyewe. Nyuzi za misuli hiyo zimepishana na kuizunguka mishipa; zinapojikaza, huibana mishipa kama kamba inayofunga mdomo wa gunia. Kisha damu huganda na kuziba mahali kondo lilipokuwa.

Misuli isipojikaza, mama anaweza kupoteza damu nyingi kwa dakika chache. Ndiyo maana mkunga hupapasa tumbo la mama mara kwa mara baada ya kuzaa: mfuko wa uzazi uliojikaza huwa mgumu na wa mviringo chini ya mkono, na uliolegea huwa laini kiasi cha kuwa vigumu kuushika.

Sababu

Sababu huwekwa katika makundi manne:

1. Kulegea kwa mfuko wa uzazi. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote, na inahusika katika takriban matukio 7 kati ya 10.
2. Majeraha. Njia ya uzazi, shingo ya kizazi au mfuko wa uzazi wenyewe unaweza kuchanika wakati wa kuzaa.
3. Mabaki ya kondo. Kondo zima au kipande chake kikibaki ndani, mfuko wa uzazi hauwezi kujikaza vizuri.
4. Damu kutoganda. Hali hii inaweza kutokana na ugonjwa wa kurithi, kifafa cha mimba, maambukizi makali au kondo kubanduka kabla ya wakati.

Hatari huongezeka kwa mwanamke mwenye mimba ya mapacha, uchungu wa muda mrefu, kondo lililojishikiza chini karibu na shingo ya kizazi, au aliyewahi kupatwa na tatizo hili katika uzazi uliotangulia. Hata hivyo, wanawake wengi wanaopatwa nayo hawakuwa na dalili yoyote ya kuwatofautisha na wengine. Kwa hiyo kila mama anayejifungua huangaliwa kama mtu anayeweza kutokwa damu.

Upungufu wa damu huifanya hatari iwe kubwa zaidi. Mama mwenye damu ya kutosha anaweza kuvumilia kupoteza nusu lita bila madhara makubwa, lakini kwa mama aliyedhoofishwa na malaria, minyoo au lishe duni, kiasi hichohicho kinaweza kutishia uhai wake. Hii ni sababu mojawapo ya kupima wingi wa damu na kutoa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki kliniki wakati wa ujauzito.

Kwa nini huchelewa kutambuliwa

Kila mama hutoka damu kiasi fulani anapozaa, na hakuna mpaka unaoonekana kati ya damu ya kawaida na damu ya hatari. Katika jamii nyingi damu hiyo huitwa damu chafu, na kutoka kwake huchukuliwa kuwa ni mwili kujisafisha. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, kwa sababu kutoka damu kidogo baada ya kuzaa ni jambo la kawaida, lakini inaweza kuwafanya ndugu wangoje wakati hakuna muda wa kungoja.

Wahudumu wa afya nao hukosea. Kwa miaka mingi damu ilikadiriwa kwa kuitazama tu, na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba jicho hukadiria chini ya kiasi halisi, hasa damu inapokuwa nyingi. Sehemu ya damu hunywewa na mashuka, sehemu humwagika sakafuni, na sehemu huchanganyika na maji ya uzazi.

Mwili wa mama pia huficha hatari. Wakati wa ujauzito kiasi cha damu huongezeka kwa takriban asilimia 40 hadi 50, hivyo mama mwenye afya anaweza kupoteza nyingi akiwa bado anazungumza vizuri. Mapigo ya moyo kwenda mbio, jasho la baridi, kizunguzungu, kiu kali na kuchanganyikiwa ni dalili zinazoonyesha kwamba akiba hiyo inakwisha.

Katika Mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, watafiti walipata kipimo kilichokuwamo tayari katika kila nyumba: kanga. Waligundua kwamba kanga mbili zilizolowa damu kabisa zinaonyesha kuwa mama amepoteza zaidi ya mililita 500. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wakunga wa jadi walifundishwa kutumia kipimo hicho kwa akina mama waliozalia nyumbani na kuwapa misoprostoli waliofikia kiwango hicho. Waliohitaji kupelekwa hospitali walikuwa wachache kuliko katika eneo la kulinganisha ambako dawa hiyo haikutolewa.

Kinga

Njia kuu ya kinga ni kumpa kila mama dawa ya kukaza mfuko wa uzazi mara tu mtoto anapozaliwa, kwa kawaida ndani ya dakika moja. Dawa inayopendekezwa zaidi ni oksitosini, vipimo 10, kwa sindano. Kabla ya kuitoa, mkunga huhakikisha kwamba hakuna mtoto mwingine tumboni.

Oksitosini ina udhaifu mmoja mkubwa: huharibika kwenye joto, na inatakiwa kuhifadhiwa katika jokofu kwa nyuzijoto 2 hadi 8. Katika zahanati isiyo na umeme wa uhakika, dawa inaweza kuwapo kabatini ikiwa imepoteza nguvu bila mtu kujua. Kwa sababu hiyo ilitengenezwa kabetosini isiyoharibiwa na joto. Jaribio lililochapishwa mwaka 2018, lililohusisha karibu wanawake 30,000 katika nchi 10 zikiwemo Kenya na Uganda, lilionyesha kwamba dawa hiyo haikuzidiwa na oksitosini katika kuzuia upotevu wa damu wa mililita 500 au zaidi. Mahali ambapo hakuna mtu wa kuchoma sindano, vidonge vya misoprostoli vinaweza kutumika.

Kumnyonyesha mtoto mapema husaidia pia, kwa sababu mtoto anaponyonya, mwili wa mama hutoa oksitosini yake wenyewe.

Tiba

Mama akianza kutokwa damu nyingi, hatua zinazofuata ni hizi:

- kukanda mfuko wa uzazi kupitia tumbo hadi ujikaze;
- kutoa oksitosini au dawa nyingine ya kukaza mfuko wa uzazi;
- kutoa asidi ya traneksamiki, gramu 1, kupitia mshipa;
- kuongeza maji mwilini kwa dripu;
- kukagua kama kuna mchaniko au mabaki ya kondo, na kuhakikisha kibofu cha mkojo ni kitupu;
- kuita msaada zaidi iwapo damu haikomi.

Damu ikiendelea, mama anaweza kuhitaji kuongezewa damu au kupasuliwa. Njia nyingine ni kuingiza puto katika mfuko wa uzazi na kulijaza maji ili libane mishipa kutoka ndani. Nchini Bangladesh, daktari Sayeba Akhter alibuni puto la bei nafuu kwa kufunga kondomu kwenye mpira wa mkojo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003.

Asidi ya traneksamiki husaidia damu iliyoganda isiyeyuke. Ilivumbuliwa nchini Japani na Utako Okamoto pamoja na mumewe Shosuke Okamoto, waliochapisha kazi yao mwaka 1962. Utako alitaka dawa hiyo ijaribiwe kwa akina mama wanaotokwa damu baada ya kuzaa, lakini ilichukua zaidi ya miaka 50 kabla ya jaribio kubwa kukamilika. Matokeo yalitoka mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Kati ya wanawake 20,060 katika nchi 21, waliopewa dawa hiyo ndani ya saa 3 tangu kujifungua walipungukiwa na vifo vya kutokwa damu kwa karibu theluthi moja. Baada ya saa 3 haikuonekana faida, na uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida hiyo kwa takriban asilimia 10.

Kupima na kutenda kwa pamoja

Zamani hatua za tiba zilifuatana moja baada ya nyingine: dawa ya kwanza hutolewa, watu hungoja, kisha hujaribiwa ya pili. Utafiti uitwao E-MOTIVE, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza, ulijaribu utaratibu mwingine katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Chini ya kila mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida uliwekwa mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo. Damu ilipofika kiwango cha hatari, hatua za mwanzo za tiba zilitolewa zote kwa pamoja bila kungoja moja ishindwe.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2023 na yalihusu zaidi ya wanawake 210,000. Katika hospitali zilizotumia utaratibu huo, asilimia 93 ya matukio yalitambuliwa, ikilinganishwa na asilimia 51 katika hospitali za kawaida. Wanawake waliopoteza lita 1 au zaidi, waliopasuliwa tumbo kwa ajili ya kutokwa damu au waliofariki kwa sababu hiyo walikuwa asilimia 1.6, dhidi ya asilimia 4.3. Dawa zilizotumika hazikuwa mpya. Kilichobadilika kilikuwa namna ya kupima na kasi ya kutenda.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa uzazi na wakunga, lilitoa miongozo mipya inayotaka hatua zianze mapema zaidi: damu inapofika mililita 300 ikiambatana na mabadiliko ya mapigo ya moyo au shinikizo la damu, badala ya kungoja ifike mililita 500.

Hali katika Afrika Mashariki

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba vifo vya uzazi hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kupata huduma ifaayo baada ya kufika. Kwa mama anayetokwa damu, kila kimojawapo kinaweza kutosha kumwua.

Nchini Tanzania, mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, hushughulikia ucheleweshaji wa pili. Mama mwenye dharura huitiwa usafiri kwa simu, na mahali ambapo gari la wagonjwa halipo, dereva wa kawaida wa eneo hilo hutumwa na kulipwa. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2016 damu ya kuongezea wagonjwa hupelekwa katika hospitali za mbali kwa ndege zisizo na rubani. Hospitali za milimani zilizongoja damu kwa saa kadhaa sasa huweza kuipata kwa muda usiofika saa moja.

Ucheleweshaji wa tatu ulishughulikiwa Kigoma mapema zaidi. Katika miaka ya 1980 daktari Godfrey Mbaruku, akifanya kazi katika hospitali ya mkoa huo, alichunguza sababu za vifo vya akina mama waliofia hospitalini. Kisha hospitali ilianza kutekeleza hatua 22, nyingi zikitegemea watu na vifaa vilivyokuwapo hapohapo. Taarifa aliyoichapisha pamoja na Staffan Bergström mwaka 1995 ilionyesha kwamba kati ya mwaka 1984 na 1991 vifo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000.

Kwa Tanzania nzima, tafiti za kitaifa za afya zilikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015-16, na 104 mwaka 2022. Katika kipindi hicho uzazi wa vituoni uliongezeka kutoka takriban asilimia 63 hadi 81. Kadiri wanawake wengi zaidi wanavyojifungulia vituoni, ndivyo usalama wao unavyotegemea zaidi yanayotendeka ndani ya chumba cha uzazi katika saa ya kwanza.

Mama na mtoto mchanga

Saa hiyohiyo ndiyo ya hatari pia kwa mtoto. Mtoto asiyepumua anahitaji kusaidiwa ndani ya dakika ya kwanza, wakati uleule ambapo mama anatakiwa kuchomwa sindano yake. Katika zahanati yenye mkunga mmoja zamu ya usiku, kazi hizo mbili hushindania mikono miwili. Ndiyo sababu mafunzo ya wahudumu huhimiza mazoezi ya mara kwa mara, dawa na vifaa kuandaliwa kabla mtoto hajazaliwa, na inapowezekana kuwepo wahudumu wawili, mmoja kwa mama na mwingine kwa mtoto.

Tazama pia

- Anemia
- Kifafa cha mimba
- Kondo la nyuma
- Mkunga
- Oksitosini
- Ujauzito