Mapenzi, Siasa na Majambazi: Vitabu Ambavyo Buda na Mathe Walisoma Wakijificha

Kila mwaka lazima msee fulani atokee aseme Wakenya hawasomi. Ukiskia hiyo, nenda uulize mathe ama buda wako swali moja tu: Jack Zollo ni nani? Kama walikuwa vijana miaka ya 80, kuna uwezekano mkubwa utaona mtu akicheka halafu abadilishe stori haraka.

Walikuwa wanasoma, tena sana. Shida ni vile vitabu walivyopenda havikuwa vya kuonyesha mwalimu. Vilikuwa vidogo, vya kuingia mfukoni, na ndani kulikuwa na wanawake, pombe, karao na mabunduki. Wasomi wengine wa vyuo vikuu waliviita takataka. Mimi chuo sikumaliza, so sikuletei maneno ya lecha. Nataka tu ujue kwa nini hizo "takataka" ndizo zilikuwa zinaongea ukweli wa Nairobi.

Ilianza na jamaa wa digrii asiye na mpango

Mwaka wa 1971 Charles Mangua alitoa Son of Woman. Mhusika mkuu ni Dodge Kiunyu, mtoto wa malaya, ambaye amesoma mpaka akapata digrii ya Makerere. Anarudi Nairobi, anapata kazi ya serikali, na maisha bado yanakataa. Analewa, anahanya, anatafuta doh za njia ya mkato.

Kumbuka uhuru ulikuwa na miaka minane tu. Vijana walikuwa wameambiwa soma kwa bidii, mambo yatajipanga. Halafu akaja huyu Dodge akawaambia, kwa lugha ya baa, kwamba digrii haijawahi kulipia mtu keja peke yake. Wasee walikinunua kama chapo moto. Ukiwa umetuma CV mia na hakuna aliyejibu, unaelewa kwa nini.

Mapenzi: stori ya ofisi baada ya saa za kazi

Halafu akaingia David Maillu. Yeye aliamua kuanza kampuni yake mwenyewe hapa Nairobi, akaiita Comb Books, akajichapisha. My Dear Bottle ilitoka 1973. Ni mlevi anaongea na chupa yake. Mwaka uliofuata akatoa After 4:30.

Hilo jina lenyewe ni mtego. Saa kumi na nusu ndio ofisi zilikuwa zinafungwa. Swali ni, bosi anataka nini na taipisti baada ya hapo? Watu walinunua wakitafuta uchafu, na uchafu waliupata. Lakini ukisoma poa utaona ni stori ya nguvu: nani ana mshahara, nani anahitaji kazi, na nani hawezi kusema hapana. Leo tunaongea kuhusu mubaba kama kitu kilichozaliwa na simu. Maillu alikuwa ameiandika zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Bei yake? Mwaka wa 1976 Tanzania ilipiga marufuku vitabu vyake.

Siasa: nyumba moja, nchi nzima

Sasa tuingie enzi za Moi, wakati kuongea vibaya kuhusu gava kungekupeleka ndani. Ungeandika aje kuhusu rais na usishikwe?

Wahome Mutahi alipata njia. Kwenye safu yake ya gazeti, Whispers, aliandika kuhusu familia moja. Baba ni Whispers, anayejiita Son of the Soil, mlevi mwenye mdomo mkubwa. Bibi yake anaitwa Thatcher, jina la yule waziri mkuu mkali wa Uingereza. Kuna watoto wanaomsumbua na mama mzazi wa kule ocha, Appepklonia.

Cheki vile hiyo inafanya kazi. Baba anataka kuheshimiwa na kila mtu, anatoa amri, anakula pesa ya nyumba, halafu akiulizwa anakuwa mkali. Wewe msomaji unacheka, na hakuna mahali jina la mhesh yeyote limetajwa. Kila mtu anamjua huyo baba. Wengine walimwona kwa sebule yao, wengine walimwona kwa taarifa ya habari.

Lakini kicheko hakikumkinga. Mwaka wa 1986 alishikwa, ile msako wa watu waliodaiwa kuwa wa Mwakenya, akapitia Nyayo House na kufungwa jela. Alipotoka aliandika Three Days on the Cross, iliyotoka 1991, kuhusu watu wanaoteswa na polisi wa siri. Hapo hakukuwa na vichekesho tena. Mutahi alifariki 2003, na leo kuna tuzo ya waandishi yenye jina lake.

Majambazi: mwizi akishika kalamu

Kwa John Kiriamiti mambo yalienda kinyume. Mutahi aliandika akafungwa. Huyu alifungwa akaandika. Mwaka wa 1971 alihukumiwa miaka 20 kwa wizi wa mabavu, na akiwa jela ndio akaandika My Life in Crime, iliyotoka 1984. Huyo ndiye Jack Zollo wa mathe wako.

Kilichofanya kitabu kivume ni kwamba benki zilikuwa za ukweli, mitaa ilikuwa ya ukweli, na mwandishi alikuwa hapo. Lakini soma mpaka mwisho. Zile pesa haziishi kwa mfuko, marafiki wanauzana, na jela inakula ujana wote. Kisha 1989 akatoa My Life with a Criminal: Milly's Story, stori hiyo hiyo lakini dem wake ndiye anasimulia. Hapo ndio unajua kulala kwa kitanda cha mtu ambaye hujui kazi yake kunafeel aje.

So uanze wapi?

Kama hujawahi soma kitabu tangu KCSE, anza na Kiriamiti, hutakiweka chini. Ukimaliza, chukua Milly mara moja, kabla hujasahau. Halafu rudi nyuma kwa Mangua. Mutahi ni wa kusoma kidogo kidogo kwa mat.

Pita maduka ya inama hapo tao, zile vitabu zimetandazwa chini, uangalie vizuri. Nyingine zimekunjwa kona na mtu aliyesoma usiku akijificha. Na ukipata kitu, mpelekee mathe akuonyeshe page alizokuwa anaruka.