Mtoto Mwenye Chawa Abaki Darasani

Mtoto akijikuna kichwa darasani nchini Marekani, mwalimu humpeleka kwa nesi wa shule. Nesi humpasua nywele nyuma ya masikio na kisogoni, humtazama penye mwanga, na akikuta punje nyeupe iliyogandia kwenye unywele, kwa miaka mingi kilichofuata kilikuwa kimoja: mzazi alipigiwa simu kazini aje amchukue mwanawe saa hiyo hiyo, na mtoto hakupokewa tena shuleni mpaka kichwa chake kisikutwe na yai hata moja. Shule nyingi zimeiacha kanuni hiyo. Nyingine bado zinaishika, na hata pale ilipofutwa hutokea wazazi wenyewe wakadai irudishwe. CDC, taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia udhibiti wa magonjwa, hukadiria kuwa kila mwaka nchini humo watoto wa miaka 3 hadi 11 hupata chawa mara milioni 6 hadi 12, kwa hiyo hili si jambo la nyumba mbili tatu. Mimi naiona kanuni hiyo kuwa kosa la kitabibu na dhuluma kwa mtoto. Nesi anayemwona mwanafunzi na chawa kisha akamrudisha darasani amalizie masomo yake ya siku anafanya kazi yake sawasawa, na makala haya yanaeleza kwa nini.

Tuanze na mdudu mwenyewe, maana hofu nyingi hutokana na kumsingizia uwezo asio nao. Chawa wa kichwani aliyekomaa ana urefu wa milimita 2 hadi 3, kiasi cha punje ya ufuta. Ana miguu sita yenye kucha za kushikia unywele. Hana mabawa, wala miguu yake haikuumbwa kurukia kama ya kiroboto. Anachojua ni kutambaa, ndiyo maana karibu kila mara huhama kichwa kwa kichwa, nywele zikigusana: watoto wamelala kitanda kimoja, wamekumbatiana, au wameinamia simu moja. Hunyonya damu mara kadhaa kwa siku, na akidondoka akakosa kichwa hufa katika siku moja au mbili. Jike hutaga mayai yapatayo 8 kwa siku, akiyagandisha kwenye unywele karibu kabisa na ngozi, kwa sababu yai linahitaji joto la kichwa ili lianguliwe, na huanguliwa baada ya siku 8 au 9 hivi. Unywele nao hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi. Unganisha mambo hayo mawili, utaona kwamba yai lililo mbali na ngozi kwa zaidi ya milimita 6 au 7 karibu kila mara ni ganda tupu au yai lililokufa. Mdudu wake alishatoka zamani. Lakini kanuni ya kutaka kichwa kisicho na yai haitofautishi ganda na kiumbe hai, na mtoto aliyekwisha kupona hurudishwa nyumbani kwa kosa la masalia.

Jambo la pili ni muda. Kichwa huwasha kwa sababu mwili huyakataa mate ya chawa, na mwili unahitaji muda kujifunza kuyakataa. Kwa mtoto anayepata chawa mara ya kwanza, mwasho unaweza kuchukua wiki 4 hadi 6 kujitokeza. Maana yake ni kwamba siku mwalimu anapomwona akijikuna, mtoto huyo ameshakaa na wenzake kwa mwezi au zaidi, ameshacheza nao, ameshabandika kichwa chake kwenye vichwa vyao. Kumtoa saa nne asubuhi badala ya kumwacha mpaka kengele ya saa tisa alasiri hakuzuii chochote kilichokuwa hakijatokea. Kunaongeza jambo moja tu, nalo ni darasa zima kujua ni nani aliyeondolewa.

Ushahidi wa vipimo upo. Mwaka 2001 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 1,729 wa shule za Atlanta, katika jimbo la Georgia. Watoto 28 walikutwa na chawa hai, na 63 walikutwa na mayai tu bila chawa. Kanuni ya kukataa mayai ingewaondoa wote 91, na zaidi ya theluthi mbili yao hawakuwa na chawa hata mmoja. Watafiti hawakuishia hapo. Waliwafuatilia watoto 50 kati ya wale wenye mayai kwa siku 14, na ni 9 tu waliokuja kupata chawa. Hata kati ya hao 50 palikuwa na tofauti iliyo wazi: waliokuwa na mayai 5 au zaidi karibu kabisa na ngozi walikuwa 22, na 7 kati yao walipata chawa, waliosalia walikuwa 28, na waliopata ni 2. Kwa hiyo nesi mwenye macho na subira anaweza kujua ni nani wa kumwangalia tena wiki ijayo. Kanuni haina macho wala subira.

Mwaka mmoja kabla yake, watafiti wa Harvard walikuwa wamechapisha matokeo ya kazi nyingine ambayo kila shule ingefaa kuyajua. Waliwaomba watu kutoka pembe mbalimbali za Amerika Kaskazini, wakiwemo wauguzi, madaktari, walimu na wazazi, wawapelekee walichokitoa kwenye vichwa vya watoto wakidhani ni chawa au mayai yake. Vilifika vifurushi 614. Ni 6 tu katika kila 10 vilivyokuwa na chawa au yai lake kweli. Vingine vilikuwa mba, mabaki ya mafuta na dawa za nywele, nyuzi, au wadudu wengine kabisa. Watafiti hao walihitimisha kwamba watoto wasio na chawa huzuiwa kwenda shule angalau sawa na wale walio nao. Na huko Australia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, madarasa 118 yenye zulia yalifagiliwa kwa mashine ya kufyonza vumbi huku vichwa vya wanafunzi vikikaguliwa. Vichwani walipatikana chawa zaidi ya 14,000. Sakafuni hakupatikana hata mmoja. Mzazi anayekesha akichemsha mapazia na kupulizia dawa makochi anapoteza usiku wake. Inatosha kufua kwa maji ya moto mashuka, kofia na taulo zilizotumika siku mbili zilizopita.

Kinachonisikitisha zaidi katika habari hii ni historia yake, kwa sababu kazi ya unesi wa shule nchini Marekani ilizaliwa ili kukomesha jambo hili hili. Jiji la New York lilianza kuwatuma madaktari wakague shule mwaka 1897. Daktari alimwona mtoto ana chawa, mapunye, upele au trakoma, akamwandikia karatasi arudi nyumbani, na kazi yake ikaishia hapo. Mama, mara nyingi mhamiaji asiyejua Kiingereza, hakuelewa karatasi inasema nini wala afanye nini, na mtoto akabaki mitaani kwa wiki nyingi. Mwaka 1902 Lillian Wald, muuguzi aliyeanzisha kituo cha Henry Street, alilishauri jiji lijaribu muuguzi, na tarehe 1 Oktoba mwaka huo Lina Rogers akaanza kazi katika shule nne. Aliwatibu watoto palepale shuleni, kisha akaenda nyumbani kwao kuwaonyesha mama zao namna ya kuendelea. Jaribio la mwezi mmoja likawa kazi ya kudumu, na jiji likaajiri wauguzi zaidi. Septemba 1902 watoto waliozuiwa kuingia shuleni walikuwa 10,567. Septemba 1903 walikuwa 1,101. Shule inayomtumia nesi wake leo kuwa mlinzi wa mlango imemrudisha nyuma kwenye kazi ya yule daktari wa karatasi.

Mzazi ana haki ya kuuliza: na mtoto wangu aliye safi, je, aambukizwe kwa sababu ya huruma kwa mwenzake? Swali hilo halistahili kubezwa. Jibu ni kwamba chawa wanaweza kuenea shuleni, lakini nyumbani na kwenye malazi ya pamoja ndiko vichwa hugusana kwa muda mrefu, na kanuni ya kuwafukuza watoto haijathibitika kupunguza chawa shuleni. Ukaguzi wa shule nzima nao haukupunguza. Ndiyo sababu Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika miongozo yake ya 2015 na 2022, kinasema mtoto mwenye afya asizuiwe kwenda shule kwa sababu ya chawa au mayai yake, na huduma ya afya ya Uingereza huwaambia wazazi vivyo hivyo. Atakayemlinda mtoto wako ni wewe mwenyewe, ukimchana na kumtazama kila wiki, kwa sababu macho yako yapo karibu naye usiku na mchana.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni hili: ukimwacha mtoto darasani, mzazi mzembe hatashughulika. Nakubali kwamba wapo watoto wanaokaa na chawa kwa miezi. Lakini tazama ni nyumba zipi hizo. Mara nyingi ni za mzazi anayelipwa kwa saa, ambaye siku asiyofanya kazi halipwi, au asiyemudu bei ya dawa, au asiyeisoma lugha ya barua. Kumnyima mwanawe hesabu na kusoma hakumpi mzazi huyo pesa wala maarifa. Wa kumsaidia ni nesi mwenye muda wa kupiga simu, kumpa chanuo, kumwonyesha, na kumwita mtoto tena baada ya siku 9. Jambo hilo lina gharama, na shule nyingi za Marekani hazina nesi wa siku nzima. Kumfukuza mtoto huonekana rahisi kwa sababu gharama yake hulipwa na mtoto.

Kuna hofu nyingine ambayo wasomaji wetu waliohamia huko wanaibeba kutoka nyumbani, na ina sababu. Chawa huleta homa ya tifasi, isichanganywe na taifodi. Charles Nicolle aliligundua hilo mjini Tunis mwaka 1909 akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1928. Warundi wanaijua homa hiyo: iliibuka katika jela ya Ngozi mwaka 1995 ikaenea kwenye kambi za watu waliokimbia vita. Lakini anayeieneza ni chawa wa mwilini, yule anayejificha kwenye mishono ya nguo zisizofuliwa. Wa kichwani hajulikani kueneza ugonjwa wowote shuleni. Wala hapendelei kichwa kichafu. Kichwa kilichooshwa asubuhi kinamfaa vilevile. Kwa watoto wenye nywele za kipilipili, chawa huonekana mara chache zaidi nchini Marekani, kwa kuwa kucha za chawa wa huko hushika vyema zaidi unywele wa mviringo. Wanaweza kupata, ila mama akikuta punje nyeupe kwenye nywele zilizosukwa, aanze kudhani ni mba. Kitu kikiteleza kwa urahisi kwenye unywele si yai la chawa; yai limegandishwa, halisogei mpaka ulikwangue kwa kucha.

Aibu ndiyo inayowafanya wazazi wafiche, na katika Kiswahili cha siku hizi, ambapo kumwita mtu chawa ni kumtukana kuwa anajipendekeza kwa wakubwa, neno lenyewe limezidi kuwa zito. Kwa hiyo nesi mwema hamtaji mtoto mbele ya wenzake, hatumi barua ya kutisha kwa darasa zima, na akimpigia mzazi humwambia kwanza kwamba jambo hili halisemi lolote kuhusu malezi yake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kidole cha pili ni mzazi, na mzazi aliyeaibishwa hashiriki.

Kuhusu dawa, watu wetu wana nasaba nayo. Maua ya pareto, ambayo Kenya iliongoza dunia kwa kuyazalisha kwa miongo mingi na Tanzania inaendelea kuyalima, ndiyo asili ya dawa zilizotumika sana dhidi ya chawa, na permethrini ni sumu ya maabara iliyoigwa kutokana nayo. Chawa wengi wa Marekani sasa wameizoea. Ikishindwa, usirudie mara tano. Muulize daktari au mfamasia, kwani zipo nyingine, ikiwemo losheni ya ivermektini iliyoruhusiwa kuuzwa huko bila cheti cha daktari tangu 2020. Mafuta ya taa na dawa za mifugo au mashamba zisiguse kichwa cha mtoto hata mara moja. Mafuta ya taa hushika moto, na sumu ya shambani hupenya ngozini. Chawa wa kichwani kwa kawaida hamuui mtoto, vitu hivyo vinaweza.

Ukipata simu ya nesi leo, usiache kazi ukimbilie shuleni. Jioni, loanisha nywele za mwanao, zipake kondishena kwa wingi, mketishe penye taa, na umchane kutoka kwenye ngozi mpaka nchani kwa chanuo la meno membamba yaliyobanana, ukilifuta kwenye karatasi nyeupe kila mara. Rudia siku ya 5, ya 9 na ya 13, ili kila aliyeanguliwa aondoke kabla hajakomaa na kutaga. Watazame na wengine wote wa nyumbani. Siku ya 17 kagua mara ya mwisho. Na asubuhi ya kesho, mpeleke mwanao shule kwa wakati.