Mzee Majuto na somo la mkataba

Siku ya Nane Nane mwaka 2018, mchekeshaji Amri Athumani, maarufu kama Mzee Majuto, alifariki dunia Muhimbili. Mzaliwa huyo wa Tanga alichekesha kwa miongo kadhaa kwenye jukwaa, filamu na televisheni, na sura yake ikauza bidhaa za kampuni nyingi.

Hata hivyo, alipougua ilielezwa kuwa baadhi ya mikataba yake ya matangazo haikulipwa ipasavyo. Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati kuichunguza.

Mkulima wa Tengeru unayelimia kampuni maharage mabichi, somo ni lako pia. Kabla ya kusaini, hakikisha mkataba unataja bei kwa kilo, siku ya malipo, na nani anabeba hasara mzigo ukikataliwa. Kisha baki na nakala yako.