Vijana Wetu na Mbio za Milimani



Wapendwa wasomaji wa ukurasa wetu wa afya, mwezi huu napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni la hospitali, yaani mbio. Kila alfajiri hapa Lisekese tunaona vijana wakipita wakikimbia. Wengine wanajiandaa kwa michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA. Wengine wanataka kuingia jeshini. Wengine wamepata moyo tangu Septemba 2025, Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo na kuiletea Tanzania medali ya kwanza ya dhahabu katika mashindano hayo. Hili ni jambo jema. Kijana anayekimbia asubuhi hana muda wa kukaa kwenye pombe na bangi usiku.

Lakini tukumbuke kwamba huku kwetu hakuna uwanja wa lami. Uwanja wetu ni njia za mchanga katikati ya mikorosho, mawe ya Mkomaindo na Mtandi, na mteremko mkali wa Uwanda wa Makonde. Mahali kama hapo panahitaji maandalizi.

Mwaka mmoja, mwezi wa Oktoba, saa tisa alasiri, tuliletewa kijana wa kidato cha pili. Alikuwa amepanda mlima mbio pamoja na wenzake tangu saa sita mchana, bila maji. Alianza kuyumba, akasema maneno yasiyoeleweka, kisha akaanguka. Wenzake waliona anatetemeka, wakadhani ni homa, wakamfunika kwa sweta na kitenge, wakaenda kutafuta pikipiki. Ilipita zaidi ya saa moja. Alipofika kwetu kipimajoto kilionyesha nyuzi 41. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini alikaa wodini siku nyingi kwa sababu figo zake zilikuwa zimeumia. Mama yake aliniuliza, "Nesi, sasa wale wenzake wangefanya nini?" Sikuweza kuwalaumu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewafundisha. Makala hii ni jibu la swali la mama yule.

NANI APIMWE KWANZA

Mtu mwenye afya anaweza kuanza mazoezi polepole bila kumwona daktari. Lakini afike kwanza zahanati au hospitali ikiwa:

1. Amewahi kuzimia au kupata maumivu ya kifua wakati wa kukimbia.
2. Katika ukoo kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana.
3. Ana pumu, kifafa, kisukari au ugonjwa wa moyo.
4. Ana selimundu. Huyu asikimbie mbio ndefu bila ushauri wa daktari, maana ukosefu wa maji na uchovu mkubwa huweza kumletea maumivu makali.
5. Ni msichana au kijana anayechoka upesi, mwenye viganja na midomo iliyopauka. Huenda ana upungufu wa damu.

Siku ya homa si siku ya mbio. Wapo vijana wanaomeza dawa ya kutuliza homa kisha wanakwenda mazoezini. Hiyo ni hatari kubwa. Apimwe malaria, na ikionekana anayo, amalize dozi yote ya dawa mseto, kisha apumzike mpaka nguvu zirudi.

Vilevile usimeze diklofenaki au dawa nyingine ya maumivu ya namna hiyo ili uweze kukimbia. Mwili ukiwa umepungukiwa maji, dawa hizo huweza kuumiza figo.

VIATU NA MAVAZI

Si lazima kununua viatu vya bei kubwa. Raba za mtumba zinafaa ikiwa soli ina meno ya kushika mchanga na jiwe, kisigino hakijalika upande mmoja, na mbele ya kidole kikubwa imebaki nafasi ya upana wa kidole cha mkono. Katika mteremko mguu husogea mbele. Kiatu kinachobana hung'oa kucha. Jaribu viatu jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana. Usivae viatu vipya kwa mara ya kwanza siku ya mashindano.

Wapo wanaokimbia pekupeku. Mguu uliozoea una nguvu, lakini ardhi yenye kinyesi huwa na minyoo ya safura, ambayo hupenya kwenye ngozi ya mguu na kunyonya damu. Miiba na misumari nayo huleta pepopunda. Kila mkimbiaji aulizie chanjo ya pepopunda.

Vaa soksi kavu, kofia, na nguo nyepesi ya rangi isiyo nyeusi. Wasichana wavae nguo ya heshima lakini isiyobana wala kuzuia hewa. Yule anayekimbia kwa kuvaa koti zito au mfuko wa plastiki "ili apungue mwili" anapoteza maji tu, tena anajitafutia ugonjwa wa joto.

Kila kundi liwe na kifuko kidogo chenye maji, firimbi, bendeji, kitambaa safi, kipande cha sabuni na tochi. Simu ni nzuri, lakini mabondeni mara nyingi mtandao haupatikani. Firimbi haihitaji mtandao.

MAZOEZI YA HATUA KWA HATUA

Moyo na mapafu huzoea mazoezi mapema. Mifupa na mishipa ya misuli huchelewa. Ndiyo maana kijana anajisikia ana nguvu, naye anaumia wiki ya tatu. Anza kwa dakika 20 hadi 30, mara tatu kwa wiki, ukichanganya kukimbia na kutembea. Ongeza kidogo kidogo kila wiki, na kila wiki ya nne punguza. Pumzika angalau siku moja kwa wiki; Jumapili inafaa sana.

Mlimani, piga hatua fupi. Penye mwinuko mkali tembea ukiweka mikono juu ya mapaja. Hata mabingwa hufanya hivyo. Kuteremka ndiko kunakoumiza zaidi magoti na mapaja. Kunja magoti kidogo, piga hatua fupi na za haraka, tazama mbele hatua tatu nne, wala usijiachie. Jiwe lililolowa mvua au lenye kuvu usilikimbilie kamwe. Ukisikia radi, shuka.

Ukipata maumivu ya mahali pamoja kwenye mfupa, yanayozidi kila unapokimbia, acha mbio uje tukuangalie. Huenda mfupa umeanza kupata ufa.

MAJI NA CHAKULA

Juu ya Uwanda wa Makonde maji yamekuwa shida tangu zamani. Bibi zetu waliteremka mabondeni kuyatafuta na kupanda nayo kichwani. Kwa hiyo usitegemee kuyakuta njiani. Yabebe. Kwa walio wengi nusu lita kwa kila saa ya kukimbia inatosha, na wakati wa joto kali zaidi kidogo. Kunywa unaposikia kiu. Usinywe kupita kiasi pia. Maji matupu mengi mno hupunguza chumvi katika damu, na mtu huumwa kichwa, hutapika na kuchanganyikiwa. Mkojo wa rangi ya njano hafifu ni dalili njema. Mkojo mweusi kama chai ya rangi baada ya mbio ni dalili mbaya: njoo hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mbio za zaidi ya saa moja unaweza kutengeneza kinywaji nyumbani: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo, vyote vya kusawazishwa. Usizidishe chumvi.

Chakula chetu kinatosha kabisa: ugali, muhogo, mbaazi, choroko, njugu mawe, mboga za majani, dagaa, mayai, na korosho zetu wenyewe. Kula saa mbili au tatu kabla ya kukimbia. Ukimaliza, usijitupe kwenye dimbwi au kijito kujipoza, kwa sababu humo huweza kuwa na kichocho.

WAKATI NA NJIA

Kimbia kuanzia kunapopambazuka hadi saa mbili na nusu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya joto kali; usikimbie mchana. Usitoke gizani, hasa katika vijiji vilivyo karibu na mapori ya akiba ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule, ambako wanyama hutembea usiku. Wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, kati ya Juni na Agosti, pita njia nyingine. Vumbi lile huchoma macho na huamsha pumu.

Wageni hupotea, na wenyeji pia. Masasi una bahati, maana milima yenyewe inakuonyesha mji ulipo. Lakini Newala, juu ya uwanda, vichaka na mikorosho vinafanana kila upande, na ghafla unafika ukingoni kama pale Shimo la Mungu. Shika mambo haya:

1. Msiwe chini ya wawili. Watatu ni bora, ili mmoja abaki na mgonjwa na mwingine aende kuita watu.
2. Mwambie mtu wa nyumbani njia utakayopita na saa ya kurudi. Mzazi, usiache kuuliza.
3. Kwenye kila njia panda geuka utazame nyuma, maana njia ya kurudia huonekana tofauti. Weka alama kichwani: mbuyu, kisima, kigango.
4. Jua likusaidie. Asubuhi liko mashariki. Kwetu, Aprili hadi Septemba, saa sita mchana jua liko upande wa kaskazini na kivuli huangukia kusini. Desemba huwa kinyume.
5. Ukipotea, simama. Rudi mpaka mahali unapopakumbuka. Usikate vichaka kutafuta njia ya mkato. Piga firimbi mara tatu, nyamaza, usikilize, kisha rudia. Ukikutana na mkulima, muulize. Kuuliza si ujinga.

MWENZENU AKIANGUKA

Sasa jibu la yule mama. Mkimbiaji anayeumwa kichwa, anayesikia kizunguzungu na kichefuchefu, apumzike kivulini na anywe maji kidogo kidogo. Lakini akianza kuyumba, kusema ovyo, kupata degedege au kuzimia, na mwili unawaka moto, hiyo ni hatari ya kifo. Fanyeni hivi bila kuchelewa:

Mpelekeni kivulini. Mvueni nguo za ziada. Msimfunike hata kama anatetemeka. Mmwagieni maji mwili mzima, mumpepee kwa nguo au majani, na mmwekee vitambaa vilivyolowa shingoni, kwapani na kwenye nyonga. Aliyezimia msimnyweshe kitu, mlazeni ubavu. Mmoja aende kutafuta usafiri huku wengine wakiendelea kumpoza, na mzidi kumpoza hata njiani. Kupoza kwanza, safari baadaye.

Nyoka: usimfukuze wala kumtafuta. Msikate jeraha, msinyonye, msifunge kamba, msipake dawa. Vueni kiatu na pete, fungeni mguu kwa kijiti usicheze, mbebeni mgonjwa asitembee, nendeni hospitali. Akitemewa sumu machoni, yaosheni kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha aje.

Mbwa: jeraha la kung'atwa, hata dogo, lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aje siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza hatuna tiba.

Nyuki: kimbieni mbali mkiwa mmefunika uso. Akivimba midomo au kupumua kwa shida, hospitali mara moja.

Mguu ukiteguka: pumzika, weka kitambaa cha maji baridi, funga bendeji, inua mguu. Usikandwe kwa maji ya moto wala kuvutwa siku hiyo. Akishindwa kupiga hatua nne, apigwe eksirei.

KUJUA KUACHA

Wengi mnalikumbuka jina la John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, 1968, naye akamaliza wa mwisho akiwa na bendeji mguuni. Tunamheshimu kwa haki. Lakini hayo yalikuwa mashindano ya Olimpiki, mara moja katika maisha, na watu wa kumsaidia walikuwapo. Kijana wetu aliye peke yake mlimani siku ya mazoezi hana daktari karibu. Kwake ushujaa ni kusimama, kuwaambia wenzake kwamba ameshindwa leo, na kurudi nyumbani kwa miguu yake.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya wakimbiaji, akawakumbusha kwamba mshindani hujizuia katika mambo yote. Tuwafundishe vijana wetu kujizuia huko. Nawaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo na walezi wa vijana waisome sehemu ya "Mwenzenu Akianguka" kwa sauti mbele ya vijana, kisha wawafanyishe mazoezi: mmoja alale chini, wengine waonyeshe watakavyofanya. Nusu saa inatosha.

Kinga ni bora kuliko tiba.