Mukutano wa watu 50 000 wakati wa korona: nani iko na neno la mwisho?

Wandugu, wengi wetu tukisikia kongre ya chama tunawaza hotuba na bendera. Kumbe kwanza ni mukataba. Tuangalie ile ya chama cha Republican kule Marekani, mwaka 2020, juu inaonyesha wazi mahali kazi kama hii inaweza kukwama.

Muji wa Charlotte, jimbo la North Carolina, ulichaguliwa tangu 2018. Miaka miwili mbele si mingi: hoteli zinashikwa, jumba la michezo linakodiwa, leta ya Marekani inatoa dola milioni 50 za usalama. Walingojea watu karibu 50 000 mwezi wa nane. Halafu korona ikaingia.

Kwetu munakumbuka: tarehe 18 Machi 2020 Rais Tshisekedi alikataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20, na neno lilitoka Kinshasa kwa nchi nzima. Kule, liwali wa kila jimbo njo anaamua. Mwezi wa tano Donald Trump akataka Roy Cooper, liwali wa North Carolina, amuhakikishie kama jumba litajaa. Cooper, mutu wa chama pinzani, akajibu tarehe 2 Juni: mupange mukutano mudogo, watu waachane nafasi, wavae kashene. Siku ile ile Trump akatangaza anahama.

Siasa ilikuwamo, tusidanganyane. Lakini hata ukiitoa, nani mwezi wa tano anaweza kuahidi namna ugonjwa utakuwa mwezi wa nane? Sisi wa agronomia tunapanga tarehe ya kupanda, ila mvua huwezi kuisainisha mukataba.

Wakakimbilia Jacksonville, jimbo la Florida, kwenye liwali na meya wote ni wa chama chao. Mulango ukafunguka. Virusi navyo havikuomba ruhusa: tarehe 12 Julai Florida ikatangaza wagonjwa wapya zaidi ya 15 000 kwa siku moja tu. Muji wenyewe ulikuwa umeisha kulazimisha kashene. Sherifu wa pale, naye Republican, akasema hawezi kulinda mukutano vile ulikuwa umepangwa: mipango haieleweki, feza na polisi havitoshi. Mbele ya ile miaka miwili ya Charlotte, Jacksonville ilipewa wiki kumi hivi! Tarehe 23 Julai Trump akafuta yote.

Hapa njo kuna somo kwa yule ataingia siku moja mu kamati ya kutayarisha kongre: soma estatuti mbele ya kukodi sale. Sheria za chama zilidai wajumbe wamuteue mugombea. Ile ni kazi ya lazima. Umati, muziki na baluni ni maonyesho. Basi tarehe 24 Agosti wajumbe 336 tu, sita kwa kila jimbo na eneo, walikutana Charlotte wakapiga kura kwa niaba ya wenzao. Kwa kawaida wangekuwa karibu 2 550.

Wademokrate walielewa mapema kidogo. Tarehe 2 Aprili walisogeza kongre yao ya Milwaukee kutoka Julai mupaka Agosti, kisha wakaambia wajumbe wasisafiri. Kura zilitumwa kutoka nyumbani, kila jimbo likatangaza zake kwa video. Joe Biden mwenyewe hakufika Milwaukee. Alikubali uteuzi akiwa Wilmington, kwao.

Trump, yeye, hakuacha umati. Tarehe 27 Agosti alihutubia watu karibu 1 500 mu bustani ya Ikulu, viti karibu karibu, wengi bila kashene. Kule Charlotte, kwenye watu walipimwa, wanne walipatikana na korona: wawili walihuzuria mukutano, wawili walikuwa wafanyakazi.